SOMO KWA WAZAZI: MTOTO MDOGO APEWE KAZI YAKE WAKATI WAKUBWA WANAPOSOMA NYUMBANI



Somo hili ni la mama na baba walio na watoto wakubwa wanaosoma nyumbani, na katikati yao mtoto mdogo wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, asiyetaka kukaa hata kidogo. Walisome wote wawili. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake mkubwa. Hilo nalo litakuwa somo la mtoto.

1. Sababu ya somo hili

Hapa kwetu Masisi na Walikale jambo la kusoma nyumbani halikuanza kwa kupenda. Machi 2020 shule zote za inchi yetu zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na Radio Okapi ikatoa masomo ya watoto kwa njia ya redio. Kisha vita ikazidi. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi penyewe, Sake na Goma. Machi 2025 yakafika Walikale. Mwezi wa Februari 2025 UNICEF ilihesabu shule na mahali pa kujifunzia zaidi ya 2500 zilizofungwa katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na watoto 795,000 wasiosoma. Shule nyingine zilifunguliwa tena baadaye, lakini wazazi wanajua namna ilivyo: mwalimu amekimbia, darasa limelaliwa na wakimbizi, au njia ya kwenda shuleni si salama.

Kwa hiyo wazazi wengi wameshika chaki wenyewe. Wamefanya vema. Tangu zamani nyumba ndiyo shule ya kwanza. Timoteo alifundishwa na mama yake na bibi yake kabla ya kufundishwa na Paulo.

Lakini tuseme mama ana watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka kumi, wa pili ni mvulana wa miaka minane, na wa tatu ana miaka miwili. Mama anaandika hesabu kwenye ubao. Mdogo anafuta. Mama anamkemea. Mdogo analia, anashika daftari, anapasua karatasi. Mwishoni mama anamwambia msichana: “Mbebe huyu, utoke naye nje.” Mvulana anabaki kusoma.

2. Nani anapoteza?

Angalieni vizuri nyumba hiyo. Mvulana amesoma. Mdogo amenyamaza. Mama amepata raha kidogo. Aliyepoteza ni msichana.

Ikiwa jambo hili ni la siku moja, si kitu. Lakini likiwa la kila siku, kwa miezi sita msichana atakuwa amejifunza kubeba mtoto tu, na hilo alilijua tangu zamani. Shule itakapofunguliwa, ndugu yake atakuwa mbele yake. Ataona haya kukaa pamoja na wadogo, na kisha ataacha kusoma. Hakuna aliyemkataza. Aliondolewa kidogo kidogo, kila asubuhi, pamoja na mtoto mgongoni.

Basi mtu akiuliza, “Kwa nini hospitali inatufundisha habari za vitu vya kuchezea?” tunajibu: kwa sababu kazi ndogo ya mkono ya mtoto wa miaka miwili inaweza kulinda elimu ya dada yake. Tena inalinda afya ya mtoto mwenyewe, kama tutakavyoona.

3. Kwa nini mtoto mdogo anasumbua?

Mtoto wa umri huo si mkaidi. Tujue mambo matatu juu yake.

(a) Anajifunza kwa mikono na kwa kinywa. Akiona chaki anataka kuishika, kisha kuila. Hiyo ndiyo namna yake ya kusoma.

(b) Hawezi kukaa na kitu kimoja kwa muda mrefu. Dakika tano ni nyingi kwake. Usimwambie, “Cheza hapa mpaka tumalize.” Hawezi. Ni afadhali umpe kitu, na baadaye kingine.

(c) Anatafuta uso wa mama. Akiona uso huo umegeukia ubao na wengine, anafikiri amesahauliwa. Kwa hiyo anavuta kikwembe.

Basi dawa ya kwanza ni hii: MSHIBISHE MDOGO KWANZA. Mshibishe uji, halafu mshibishe uso wako. Kabla ya somo kuanza, keti naye chini dakika kumi, cheza naye, mwimbie, mwite kwa jina lake. Wazazi wengi hufanya kinyume: wanaanza na wakubwa, na mdogo anapewa mabaki ya mama. Mtoto aliyeshiba mama mapema atakubali kumwacha kidogo baadaye.

4. Mtoto anayenyamaza siku zote

Hapa tunataka kuonya. Mama mwingine husema: “Wangu hana matata. Nikimweka mahali anakaa pale pale.” Asifurahi upesi. Mtoto wa miaka miwili asiyetaka kucheza, asiyecheka, asiyeangalia vitu, huenda ni mgonjwa, au chakula kimempungukia. Mlete kwenye kituo cha afya apimwe mkono kwa utepe. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye kipimo chake hakifiki milimita 115 yuko katika hatari kubwa, na lazima atibiwe mara moja. Aliye kati ya 115 na 125 naye amepungukiwa na chakula. Akivimba miguu yote miwili, mlete siku hiyo hiyo, hata kama mkono unaonekana mnene.

Tena kuna watu wanaotafuta utulivu kwa njia mbaya. Humpa mtoto kasiksi kidogo, au dawa ya kikohozi, ili alale wakati wa masomo. MSIFANYE HIVYO KAMWE. Pombe na dawa za usingizi zinaweza kumzuia mtoto kupumua.

Katika utunzaji wa watoto waliokonda sana, Shirika la Afya la Dunia limeweka hatua kumi. Hatua ya tisa si sindano wala maziwa. Ni mchezo na upendo: mtoto achezeshwe kwa utaratibu dakika 15 mpaka 30 kila siku, na mama afundishwe kuendelea nyumbani. Hivyo kuchezesha mtoto ni sehemu ya matibabu. Kama mchezo unamsaidia aliye kitandani, je, hautamsaidia aliye mzima?

5. Utaratibu wa asubuhi

Panga masomo kwa kufuata mwendo wa mdogo, maana yeye hawezi kufuata mwendo wako. Hapa kuna mfano. Kila nyumba ibadilishe kama inavyofaa.

Kwanza: wote wale uji na wanawe mikono. Mdogo aende haja kabla ya kuanza.
Pili: dakika kumi za mdogo na mama. Wakubwa wanafagia mahali pa somo na kutayarisha daftari.
Tatu: somo la sauti, dakika ishirini. Nyimbo, kuhesabu, kusoma kwa sauti kubwa. Mdogo akae kati yao. Kelele zake hazitaharibu kitu.
Nne: somo la kuandika, dakika ishirini. Sasa toa kikapu cha mdogo (tutakieleza chini). Wakubwa wanapokezana kumwangalia.
Tano: wote watoke nje, wakimbie, wachote maji kidogo, wakusanye kuni.
Sita: mdogo akilala, hapo ndipo pa hesabu ngumu na imla. Usiutumie usingizi wa mdogo kwa kufua nguo. Nguo zitafuliwa hata akiwa macho, naye atafurahi kuona maji na povu. Lakini hesabu za kugawanya haziwezi kufundishwa mtu akivutwa kikwembe.

Kama shamba linakuita asubuhi, fanya hayo jioni kabla ya giza. Saa moja na nusu iliyopangwa vizuri ni afadhali kuliko saa nne za kugombana.

6. Kikapu cha mdogo

Tafuta kikapu au boksi la karatasi ngumu. Weka ndani vitu vya kuchezea, nacho kitolewe WAKATI WA MASOMO TU. Masomo yakiisha, kifichwe. Hii ndiyo siri yake. Kitu kinachoonekana kutwa nzima hakimvuti mtoto. Kitu kilichofichwa tangu jana ni kipya. Tena usitoe vyote pamoja. Toa viwili, na vikimchosha toa vingine viwili.

Hakuna haja ya franga. Vitu hivi vipo:

— Mpira wa majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba za mgomba. Mvulana wa miaka minane anajua kuufanya kuliko sisi.
— Magunzi ya mahindi, kumi au kumi na mawili, ya kupanga, kujenga na kuangusha.
— Sufuria ya zamani na kifuniko chake. Atafunika na kufunua mara hamsini.
— Vipande vya mwanzi vyenye unene mbalimbali, kimoja kiingie ndani ya kingine. Kingo zisuguliwe mpaka zisikwaruze.
— Bidoni ndogo iliyooshwa sana, iliyokatwa mdomo mpana, na vitambaa vya rangi vya kuingiza na kutoa. Ukingo uliokatwa ulainishwe.
— Mtoto wa kitambaa, aliyeshonwa kwa masalio ya vikwembe. Mdogo atambeba mgongoni kama anavyobebwa yeye.
— Gurudumu la mti lenye kamba ya kuvuta, au chukudu ndogo kama zile za wakubwa wanaoshuka na viazi na makala.
— Kipande cha ubao na kaa lililozimika, ili naye “aandike”. Mtoto mwenye daftari lake hataki sana daftari la mwingine.

Sheria ya kikapu ni moja: kitu kisiwe kidogo hata kiweze kuingia chote ndani ya kinywa cha mtoto. Maharagi, karanga, punje za mahindi, mawe madogo, vifungo na betri ndogo za redio au saa visiwemo kabisa. Vitu vya kikapu vioshwe kwa sabuni mara moja kila juma, na kila mara mtoto mwenye kuhara au kikohozi akivichezea.

7. Mdogo awe mwanafunzi, na wakubwa wawe walimu

Mfanye mdogo kuwa mmoja wa darasa. Mwite jina lake unapoita wengine. Mpe mahali pake kwenye mkeka. Mwulize swali lake: “Pua iko wapi? Sikio liko wapi? Niletee gunzi moja.” Akijibu, wote wapige makofi.

Halafu mpe mkubwa kazi ya kumsomea mdogo. Mtoto wa mwaka wa tatu anayeona haya kusoma mbele ya mama hataona haya mbele ya mtoto wa miaka miwili. Atasoma polepole, ataeleza neno kwa neno, atarudia. Mdogo anapata maneno, mkubwa anapata kusoma. Wa mwaka wa kwanza naye amhesabie magunzi.

Jambo hili limejaribiwa. Huko Kingston, mji wa inchi ya Jamaika, katika miaka ya 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129 wenye miezi 9 mpaka 24, ambao walikuwa wafupi kwa sababu ya kukosa chakula cha kutosha. Wengine wao walitembelewa na wafanyakazi wa afya wa mitaa, saa moja kila juma, kwa miaka miwili. Wageni hao walifundisha mama namna ya kuzungumza na mtoto na kucheza naye kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Baada ya miaka ishirini hivi watoto hao, sasa watu wazima, walitafutwa tena. Waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi ule wa wenzao kwa asilimia 25. Gunzi na kitambaa si vitu vya kudharauliwa.

8. Zamu

Msichana asiwe yaya wa kila siku. Fanyeni zamu. Dakika ishirini msichana, dakika ishirini mvulana. Kama hakuna saa, tumieni wimbo, au kivuli cha mti. Mvulana anayekataa aambiwe na baba yake, maana atamsikia. Na baba mwenyewe, siku aliyopo nyumbani, achukue zamu yake. Kumbeba mtoto wake hakumpunguzii baba heshima, na anayecheka leo kesho ataiga.

Walio wageni katika nyumba za wengine, au wanaokaa pamoja wakimbizi wengi, wana shida ya nafasi. Lakini wana wenzao. Mama wanne waungane. Mmoja aliyesoma afundishe wakubwa wote, mmoja akae na wadogo wote na vikapu vyao, wawili waende shamba au sokoni. Kesho wabadilishane, isipokuwa mwalimu. Yeye alimiwe shamba lake na wenzake. Bibi mzee asiyeweza tena kulima anafaa sana kwa hadithi, lakini asiachiwe watoto wanaokimbia peke yake.

9. Hatari za wakati wa masomo

Macho ya mama yakiwa kwenye ubao, ndipo mdogo anapofikia moto. Kabla ya kuanza, zunguka na kutazama mambo haya sita.

MOTO. Usifundishe huku maharagi yanachemka chini karibu na mtoto. Weka vijiti au mawe makubwa kuzunguka jiko. Mtoto akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika ishirini, kisha funika kwa kitambaa safi na umlete. Usipake mawese, dawa ya meno, yai wala udongo.

MAJI. Mtoto anaweza kufa ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole vitatu tu. Mwaga maji, au funika.

KUPALIWA. Mtoto aliyepita mwaka mmoja akipaliwa asiweze kukohoa wala kulia, mwinamishe, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano. Rudia. Usiingize kidole kama huoni kitu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hasukumwi tumbo. Alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni mara tano, kisha ageuzwe, asukumwe katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano.

PETROLI. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mlete upesi.

MUHOGO MCHUNGU. Ule ambao haujalowekwa siku za kutosha una sumu. Usiwe mahali mtoto anapoweza kuutafuna.

VYUMA VYA VITA. Katika vilima na misitu yetu kuna risasi, mabomu na vitu vingine vilivyobaki baada ya mapigano. Wafundishe wakubwa wote, wakati wa kucheza nje: chuma usichokijua usikiguse, usikirushie jiwe, usimletee mdogo kuwa kitu cha kuchezea. Rudi kwa njia uliyoijia, umwambie mtu mzima. Hili ni somo la lazima kuliko hesabu.

10. Siku zinazoshindikana

Kuna siku mdogo ana homa, au anaota meno, au risasi zimesikika usiku na wote wanaogopa. Siku hiyo usilazimishe. Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Huo ndio mwanzo wa kazi. Wakiogopa, wakumbatie, imbeni, chezeni wote pamoja. Mchezo unarudisha moyo wa mtoto mahali pake. Ikiwa una dakika kumi tu, zitumie kwa kusoma kwa sauti. Kesho mtaendelea.

Tena kusoma nyumbani ni daraja, si makao. Siku shule itakapofunguliwa na njia kuwa salama, wapeleke wote, msichana na mvulana. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bila malipo tangu Septemba 2019. Mtoto wa miaka 9 mpaka 14 aliyepoteza miaka mingi aulizwe nafasi katika kituo cha kurudishia masomo, ambapo miaka sita ya shule ya msingi inafundishwa kwa mitatu. Asiseme mtu, “Huyu amekwisha kuwa mkubwa.”

MASWALI

1. Kwa nini tumshibishe mdogo kabla ya kuanza masomo ya wakubwa?
2. Katika nyumba yako, ni mtoto gani anayetoka nje na mdogo? Je, ni yule yule kila siku?
3. Mtoto anayenyamaza siku zote apelekwe wapi, naye apimwe nini?
4. Kwa nini kikapu kifichwe masomo yakiisha?
5. Taja vitu vitatu visivyofaa kuwekwa ndani ya kikapu.
6. Mtoto akiungua, utafanya nini kwanza?

KAZI YA JUMA HILI

Kila nyumba itengeneze vitu vinne vya kikapu, wakubwa wakisaidia. Chora mistari miwili ukutani kwa kaa, mmoja wa msichana na mmoja wa mvulana, na kila zamu ya kumwangalia mdogo itiwe alama. Mwisho wa juma hesabuni alama mbele ya baba na mama. Zikiwa sawa, mmefaulu somo hili. Zisipokuwa sawa, mnajua pa kuanzia Jumatatu.